Maji ya Kijani: Chakula au Sumu?

Soma: 2 Wafalme 4:38–41

Bukari peke yake hushibisha tumbo, lakini haitoshi kujenga mwili wa mtoto. Yahitaji kitoweo: maharagwe, karanga, samaki, sombe.

Kuna na kimea kidogo sana kiitwacho spirulina. Hakina mizizi wala majani. Huelea majini na kuyafanya kijani. Kando ya Ziwa Chad wanawake wa Wakanembu hukichota, hukichuja na kukikausha juani, kisha hukitia katika mchuzi. Kikikauka, karibu nusu ya uzito wake au zaidi ni protini, ndiyo ijengayo mwili. Siku hizi hukuzwa pia katika vidimbwi vilivyojengwa, kwa maji safi yenye magadi.

Lakini angalia! Si kila ukijani wa maji ni spirulina. Mwingine una sumu. Tena Kakanda ni mahali pa migodi ya shaba na kobalti, na vimea vya namna hii hufyonza madini yaliyo majini. Kuchemsha hakuyaondoi. Basi, usichote ukijani wa dimbwi wala wa mto. Ukinunua unga wake, uliza ulikuzwa wapi, na kama maji yalipimwa.

Mtoto akivimba miguu, usimtibu kwa unga. Mlete hospitali upesi.

Yule aliyechuma matango-mwitu alitaka kuwalisha wenzake, lakini hakuyajua. Upendo wa mama uende pamoja na maarifa.

Maulizo:
1. Kwa nini kuchemsha hakutoshi?
2. Utauliza nini kabla ya kununua unga?