Uteuzi wa Kisimamizi cha Madirisha katika Linux

Makala haya yanajadili jinsi mtumiaji wa tarakilishi kongwe yenye Linux, mathalani mwanafunzi anayeandika tasnifu, anavyoweza kuteua kisimamizi cha madirisha kilicho chepesi na kinachoendeshwa kwa baobonye.

Kisimamizi cha madirisha ni programu inayoamua dirisha likae wapi kwenye skrini, liwe na ukubwa gani na lifungwe vipi. Katika mfumo wa X, ulioasisiwa katika chuo cha MIT mwaka wa 1984, kazi hiyo imeachiwa programu ya kando. Ndiyo maana mtumiaji anaweza kuacha kisimamizi alichokikuta na kutumia kingine bila kugusa maandishi yake.

Vipo visimamizi vinavyopandanisha madirisha kama karatasi mezani. IceWM, iliyotolewa mwaka wa 1997, ni ya kundi hili. Ina menyu na upau wa kazi, hivyo aliyelelewa na Windows hapotei.

Vipo pia vinavyoyapanga madirisha sako kwa bako kama vigae, na hapa ndipo baobonye hutawala. Kimojawapo kinaitwa ratpoison, yaani sumu ya panya. Panya anayekusudiwa ni kipanya cha mezani. Amri zake hutanguliwa na Ctrl pamoja na t, vibonye vilevile vinavyofungua kichupo kipya katika kivinjari. Mgongano huo huudhi haraka. Nayo dwm ya mwaka wa 2006 imewekewa mpaka wa mistari 2,000 ya msimbo. Wepesi wake haukanushiki, ila anayetaka kubadilisha kibonye kimoja hulazimika kuhariri msimbo wa lugha ya C na kuukusanya upya. Kwa mwanaisimu, hiyo ni kodi kubwa.

Yamkini i3, iliyotolewa mwaka wa 2009, ndiyo inayomfaa zaidi. Mipangilio yake imo katika faili moja ya matini ya kawaida. Inapoanza mara ya kwanza humtaka mtumiaji ateue kibonye kikuu: Alt au kile chenye nembo ya Windows. Heri hicho cha pili, kwa kuwa Alt pamoja na f hufungua menyu ya Faili katika LibreOffice, ilhali i3 huutumia mchanganyiko huo kujaza skrini kwa dirisha moja. Baada ya hapo, sura ya tasnifu hukaa katika eneo la 1, kamusi la 2, data ya mahojiano la 3. Mwandishi huruka kati yake kwa kubonyeza kibonye kikuu na tarakimu, vidole vikiwa palepale.

Hata hivyo, wepesi huu usikuzwe kupita kiasi. Kivinjari chenye vichupo ishirini hula kumbukumbu kuliko kisimamizi chochote kati ya hivi. Aidha, visimamizi hivi ni vya X. Anayehamia Wayland atahitaji Sway, inayofuata mipangilio ya i3. Anayesita anaweza kuweka IceWM na i3 pamoja, kisha akateua mojawapo kila anapoingia.