Mguu mkavu ndani ya gambuti

Ndugu msomaji, mvua za Kigoma zinapoanza, wakulima wengi wa hapa Mwandiga huvaa gambuti tangu asubuhi hadi jioni. Ni kinga nzuri dhidi ya nyoka, miba na minyoo ya safura. Lakini sisi matabibu tunaona na upande wa pili: harufu, malengelenge na ngozi iliyochanika baina ya vidole.

Mpira haupitishi hewa. Jasho hubaki ndani, ngozi hulainika na fangasi hupata makazi. Unyevu ukikutana na baridi, madhara huzidi. Katika vita ya 1914 hadi 1918, maelfu ya askari waliokaa kwenye mahandaki yenye maji huko Ufaransa waliharibikiwa miguu, na wapo waliokatwa.

Basi zingatia haya:

1. Ukishatawadha, na maji yamefika baina ya vidole, jifute kwa kitambaa chako mwenyewe ndipo uvae. Wanachuoni wameruhusu kujifuta penye haja, na hii ni haja.

2. Vaa soksi kavu, na uende shambani na jozi nyingine ya kubadili Adhuhuri. Usivae soksi mbili mbili katika kiatu kinachobana. Damu haipiti vizuri, mguu hupoa na kufa ganzi.

3. Usiku tia matambara makavu ndani ya gambuti yafyonze unyevu. Usitie gazeti hili, lina aya za Qur'an. Usianike motoni, mpira utapasuka. Asubuhi kung'uta kwanza, huenda nge amelala humo.

4. Pakiwasha baina ya vidole, paka krimu ya klotrimazoli mara 2 kwa siku kwa wiki 2 hadi 4, hata kama muwasho umekoma mapema.

Mwisho, mwenye kisukari. Huyu anaweza kukanyaga msumari ndani ya kiatu asihisi. Mzee wetu mmoja alichelewa kuja, akasema, "Hakiumi, mwanangu, nikadhani ni kidogo." Kutouma ndiko kulikomponza, alikatwa vidole viwili.

Kwa hiyo, kama baba au mama yako ana kisukari, kila baada ya Isha chukua taa umtazame nyayo na baina ya vidole. Ukiona kidonda, hata kiwe kidogo vipi, asubuhi mpeleke zahanati.

Wabillahi tawfiiq.