Somo: Joto la Kukaushia Karafuu

Ndugu Wanachama,

Wapo kati yetu waliokwisha rudi kutoka mizanini wameinamisha vichwa. Karafuu zao zimegeuka mpeta: zimepauka, zimesinyaa, na bei imeanguka. Nao huapa kwamba jua walilipata. Twawasadiki. Jua lilikuwapo, kilichokosekana ni kuijua kazi ya joto, na hilo ndilo somo letu.

Kwanza, tusichanganye ukali wa moto wa kitu na wingi wa joto lake. Kijiko cha maji yachemkayo huunguza ulimi. Lakini ndoo nzima ya maji ya vuguvugu ina nishati ya joto nyingi zaidi.

Pili, tazameni birika. Maji yakisha chemka, hata ukiongeza kuni hayazidi kuwa moto. Hapa kwetu pwani hubaki kwenye nyuzi 100. Kule Maruku, karibu na mji wa Bukoba, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,300, uzito wa hewa ni mdogo, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 au 96 tu. Basi joto la kuni za ziada huenda wapi? Huchukuliwa na mvuke. Kilo moja ya maji yachemkayo, ili igeuke yote kuwa mvuke, hutaka joto zaidi ya mara 5 ya lile lililoitoa kwenye ubaridi wa barafu hadi ikachemka.

Sasa turudi jamvini. Kilo 3 za karafuu mbichi hutoa kilo 1 hivi ya kavu. Kilo 2 zilizopotea ni maji. Maji hayo huondoka bila ya kuchemka, lakini joto lake hulidai vile vile. Ndiyo maana jua hulilipa deni hilo kwa siku kadhaa, na ndiyo maana karafuu hutandazwa nyembamba, zikageuzwa, upepo ukachukua mvuke.

Tatu, lundo. Karafuu mbichi zikirundikwa huvunda, na kuvunda huzaa joto. Tia mkono katikati utalisikia. Joto halina pa kutokea, wala mvuke. Wenzetu wa Maruku hulifunga joto kwa makusudi: ndizi za kukamua huzitia katika shimo lililopashwa moto, wakazifunika kwa majani ya mgomba na udongo, zikaiva kwa siku chache. Kwa ndizi ni faida. Kwa karafuu ni hasara.

Basi tukumbushane. Chambueni makonyo siku ile ile ya kuchuma. Anikeni asubuhi, anueni kabla ya umande. Mvua ikinyesha, tandazeni chini ya paa. Msirundike, wala msitie guniani karafuu ambayo ukiikunja haivunjiki kwa mlio.

Mwenye swali na alilete mkutanoni.

Katibu