Uvimbe Mdogo, Ubongo Uliojaa Maji

Mgonjwa aambiwapo kwamba uvimbe ulioota kwenye tando za ubongo wake si saratani, hushusha pumzi. Picha ya MRI huweza kumrudishia hofu: uvimbe hauzidi komwe ya bao, ilhali eneo kubwa la ubongo unaouzunguka limejaa maji. Mara nyingi maji hayo ndiyo yaletayo maumivu ya kichwa, kifafa au udhaifu wa mkono na mguu.

Uvimbe huo huitwa meninjioma, jina alilolitoa daktari Mmarekani Harvey Cushing mwaka 1922. Ni rahisi kudhani kwamba ubongo huvimba kwa kukandamizwa tu, na kwamba uvimbe mkubwa ndio wenye maji mengi. Sivyo daima, zipo meninjioma kubwa zisizo na maji kabisa.

Chanzo kikuu kimo katika mishipa ya damu. Kuta za mishipa ya ubongo hushikamana sana, maji na protini za damu zisipenye ovyo. Mwaka 1983 Donald Senger, Harold Dvorak na wenzao huko Boston walieleza protini itolewayo na seli za uvimbe, inayofanya mishipa ivuje. Leo hujulikana kama VEGF, na meninjioma nyingi huitengeneza. Hata hivyo, kuitengeneza hakutoshi. Kati ya uvimbe na ubongo upo utando mwembamba wa araknoida. Ukiwa mzima, ubongo husalimika. Ukipenywa, uvimbe huanza kujilisha kwa mishipa ya uso wa ubongo wenyewe, na VEGF hupata njia ya kuifikia. Ndipo maji huvujia ndani. Aidha, uvimbe ubanao vena kubwa huzuia damu kurudi moyoni, na maji huongezeka.

Deksamethasoni hupunguza uvujaji huo, na nafuu huweza kuonekana ndani ya siku chache. Hapo ndipo penye hatari: mgonjwa hujiona amepona, akaacha vidonge. Baada ya wiki kadhaa za dawa, tezi za adrenali huwa zimelala. Kuiacha ghafla huweza kumwangusha, na ubongo kuvimba upya. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari, na sukari ya damu hupimwa, kwani dawa hii huipandisha. Akianza kutapika mfululizo au kusinzia kupita kawaida, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.