Pedali ya Gitaa Imenyamaza: Tutafute Kosa Hatua kwa Hatua



Hapa Mukuru kwa Reuben kuna vijana wanaopiga gitaa kanisani, na siku nyingine huitwa harusini wakapata chochote cha kuweka kwenye sanduku la kikundi. Pedali ya dukani ni ghali, kwa hivyo wengine hununua vipuri mjini, Luthuli Avenue, wakajiundia yao. Shida huja pale inapokanyagwa na sauti haitoki. Hapo maneno huanza: huyu aliyesolda hajui kazi, yule mweka hazina alinunua vipuri bandia. Kikundi kinaweza kuvunjika kwa sababu ya waya mmoja. Kabla ya kulaumiana, tupime.

ONYO: Pedali ya betri ya volti 9 haiui mtu. Amplifaya ya stima inaua. Nyuzi za gitaa zimeungana na waya wa ardhi wa amplifaya, kwa hivyo amplifaya mbovu hupitisha stima hadi kwenye vidole. Usiifungue, na usiitumie kama waya wa ardhi umekatwa.

1. Toa pedali kabisa. Chomeka gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya. Jaribu nyaya zote mbili, mmoja mmoja. Kama bado kimya, pedali haina kosa. Kosa liko kwenye gitaa, waya au amplifaya.

2. Angalia betri. Ipime kwa mita. Ikiwa chini ya volti 7, weka nyingine. Mkitumia adapta, jihadharini: pedali nyingi hutaka hasi katikati ya plagi, na adapta ya redio huenda ikawa kinyume. Ikiwa kinyume, transista inaweza kuungua.

3. Angalia mahali pa kuchomeka. Pedali nyingi hutumia soketi ya stereo upande wa kuingilia. Waya mweusi wa betri huungwa kwenye mguu wa kati. Plagi ya gitaa ikiingia, inaunganisha mguu huo na ardhi, na pedali inawaka. Kama hakuna plagi upande wa kuingilia, betri haifanyi kazi. Na ukiacha plagi ndani usiku kucha, asubuhi betri imekwisha.

4. Kanyaga swichi. Hii ndiyo hatua inayookoa muda. Kama sauti hupita pedali ikiwa imezimwa, lakini ikiwashwa inanyamaza, kosa liko kwenye ubao wa vipuri au nyaya zake. Kama imenyamaza pande zote mbili, tazama soketi, swichi na nyaya. Hasa tazama ncha ya soketi: ikigusa kasha la bati, sauti yote inakwenda ardhini. Funika kwa tepu ya umeme.

5. Kagua ubao. Solda nzuri hung'aa. Iliyofifia au yenye nyufa, iyeyushe tena. Tafuta tone lililounganisha njia mbili. Kapasita za mkebe zina mstari upande wa hasi, zisigeuzwe. Transista nazo hazifanani miguu: ukiitazama bapa yake, BC547 huanza na kolekta kushoto, na 2N3904 huanza na emita. Ukiweka moja mahali pa nyingine, lazima uigeuze. Hapa muuzaji hana hatia, na kipuri si bandia.

6. Fuata sauti. Chukua waya unaokwenda kwenye amplifaya. Unga ardhi yake na ardhi ya pedali, na kwenye ncha solda kapasita ya mikrofaradi 0.1. Punguza sauti ya amplifaya. Mwenzako apige gitaa, nawe uguse kwa ncha hiyo kuanzia mwanzo wa njia hadi mwisho. Pale sauti inapopotea, kosa liko kati ya hapo na pale ulipoisikia mara ya mwisho. Fanya hivi kwenye pedali ya betri tu, kamwe si ndani ya chombo cha stima.

Rekebisheni kitu kimoja, mjaribu, ndipo mwende kingine. Mkibadilisha vitatu kwa pamoja, hamtajua kilichoponya, na pesa zimekwenda bure. Andikeni kwenye daftari la kikundi mlichopata, ili atakayeunda pedali ya pili asianze upya.

Maswali ya kujadiliana:
a) Mara ya mwisho chombo cha kikundi kilipoharibika, tulipima kwanza au tulilaumu kwanza?
b) Nani kati yetu anaweza kufundisha wawili wengine kusolda?
c) Je, tuna mita ya kikundi? Kama hatuna, tuichangie vipi?