Kazi isiyopigiwa simu

Ujumbe huingia kwenye kundi la WhatsApp la walimu mnamo saa nne asubuhi: takwimu za wanafunzi wenye mahitaji maalumu, kwa umri na jinsi, zifike ofisi ya kata kabla ya saa sita. Mwalimu wa darasa anayehusika ana kipindi Kidato cha Pili B muda si mrefu. Mezani kwake madaftari ya A yamerundikana tangu juzi. Tena wiki hii ana zamu, kwa hiyo tangu saa kumi na mbili na nusu hajakaa: amesimamia usafi, amesimama mstarini, ameandika waliochelewa, na sasa mlangoni pa ofisi kuna msichana aliyeshika tumbo akisubiri ruhusa ya kwenda zahanati.

Msichana anatangulia, hilo halina mjadala. Ugumu unaanza kwa yale matatu yaliyobaki. Katika ofisi nyingi za walimu nilizozijua, takwimu hushika nafasi ya pili, kipindi hukabidhiwa kiranja aandike nukuu ubaoni, na madaftari hulala. Mkubwa akiuliza mchana, kila kitu kinaonekana kimefanyika, kwa sababu kilichoulizwa ni takwimu.

Kuna watafiti waliolipima jambo hili. Mwaka 2018 Meng Zhu, Yang Yang na Christopher Hsee walichapisha majaribio yaliyoonesha kuwa mtu akiwekewa kazi mbili, moja yenye malipo kidogo na muda mfupi wa kuifanya, nyingine yenye malipo makubwa na muda mrefu, mara nyingi huikimbilia ile ya muda mfupi, hata kama saa hazimbani. Wanaojiona wana shughuli nyingi ndio walionaswa zaidi. Lakini wahusika walipokumbushwa malipo ya kila kazi wakati wa kuchagua, mvuto huo ulipungua. Kwa mwalimu, hilo la mwisho ndilo la kushika: kabla ya kuinuka na karatasi ya takwimu, ajiulize kila kazi inamwachia nini mwanafunzi.

Wazo lenyewe la kutenganisha haraka na umuhimu ni la zamani. Agosti 1954 Rais Dwight Eisenhower wa Marekani aliligusia alipohutubia mkutano wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni mjini Evanston, Illinois, na hakudai kuwa ni lake; alisema amelipata kwa mtu aliyewahi kuwa mkuu wa chuo. Stephen Covey akaliingiza mwaka 1989 katika kitabu chake maarufu cha tabia saba, na siku hizi halikosekani kwenye semina za uongozi: mchoro wa vyumba vinne, wenye kazi za kufanya sasa, za kupangia siku, za kumpa mwingine na za kuacha. Ni mchoro mzuri, ila ulichorewa watu wenye makatibu muhtasi. Mwalimu wa sekondari ya kata atampa nani? Na takwimu za kata ataziachaje?

Kwa hiyo mchoro unahitaji kurekebishwa ufae ofisi ya walimu, na marekebisho yanaanza kwa kutambua kwamba kazi za shule hutofautiana kwa mdai. Takwimu zina mdai, na ana simu. Mtihani una mdai, tena mkali. Lakini mtoto wa Kidato cha Kwanza asiyeweza kusoma aya moja ya Kiingereza hana wa kumdaia. Andalio la somo la kesho hudaiwa siku ya ukaguzi tu. Ile alama ya utoro inayojirudia kila siku ya mnada kwenye kitabu cha mahudhurio, huo utoro wa rejareja ambao baadaye huwa utoro wa moja kwa moja, haudaiwi mpaka mtoto awe ameshapotea. Kazi muhimu itafutiwe mdai, na wa kwanza ni ratiba yenyewe.

Nianze na takwimu, maana ndizo zinazokula siku. Maombi hubadilika majina, lakini kinachoulizwa ni kilekile: wavulana wangapi, wasichana wangapi, umri, waliohamia, waliohama, wenye ulemavu, wanaoishi mbali. Mwalimu wa darasa anaweza kuwa na karatasi moja, imebandikwa ndani ya jalada la kitabu cha mahudhurio au ipo kwenye simu, yenye safu hizo zote, na akairekebisha kila Ijumaa anapofunga mahudhurio ya wiki. Ujumbe wa saa nne ukifika, jibu ni la kunakili tu. Anajibu, anachukua chaki, anaingia darasani. Na Ijumaa, akiwa bado ameshika kitabu hicho, anapitisha jicho kwenye mistari ya mahudhurio: nani amekosa siku mbili za mnada mfululizo? Mzazi apigiwe Ijumaa hiyohiyo.

Madaftari ni mjadala mpana zaidi, na hapa hesabu inasaidia kuliko hisia. Tumchukue mwalimu wa Hisabati mwenye mikondo miwili, kila mmoja una wanafunzi 60, hali ya kawaida mahali pengi Tanzania tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 na watoto kumiminika shuleni. Akitumia dakika 3 kwa daftari, ni dakika 360, yaani saa 6. Kwa vipindi vya dakika 40, hivyo ni vipindi 9. Shule yenye vipindi 8 kwa siku ina vipindi 40 kwa wiki. Ikiwa mwalimu huyu anafundisha 24, amebakiwa na 16 kwa ajili ya maandalio, zamu, vikao na kila kitu kingine. Zoezi moja limekula zaidi ya nusu. Anayemwambia aongeze bidii hajapiga hesabu hiyo.

Kinachowezekana ni kuchagua. Zoezi la kawaida lisahihishwe darasani, majibu yakiwa ubaoni, kila mtoto akiwa na kalamu ya rangi nyingine. Mwalimu achukue madaftari 12 tu ya kila mkondo kusoma kwa kina. Baada ya mazoezi matano amewafikia wote 60. Kwa hao 12 asiandike alama, aandike jambo moja la kurekebisha. Ruth Butler, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1988 kuhusu wanafunzi wa Israeli, aliona kuwa waliopewa maoni bila alama walisonga mbele, ilhali waliopewa alama pamoja na maoni hawakuwazidi waliopewa alama peke yake. Macho yakishaona 4/10, kilichoandikwa chini yake hakisomwi. Na Machi 2016 jopo lililoundwa na serikali ya Uingereza kuangalia mzigo wa kusahihisha lilionya kwamba wingi wa wino mwekundu usichukuliwe kuwa ndio ubora wa mrejesho.

Najua pingamizi: mkuu wa shule au mthibiti ubora akifungua daftari lisilo na vema, nani atajieleza? Utaratibu huu uelezwe kwa mwalimu wa taaluma mwanzoni mwa muhula, kabla ya ukaguzi. Daftari lililosahihishwa na mwanafunzi liwekwe tarehe na saini ya mwalimu. Wapo viongozi watakaokataa. Hapo mwalimu arudi kwenye utaratibu wa shule na apunguze idadi ya mazoezi, asipunguze usingizi wake.

Kuna dharura nyingine ambazo zilijulikana tangu Januari. Mitihani ya taifa ya Kidato cha Pili na cha Nne haiji kwa kushtukiza. Muda wake upo kwenye kalenda. Mtihani wa kufunga muhula nao haushukii shule ghafla, lakini kila mara wiki ya mwisho ofisi hujaa walimu wanaokopa maswali ya mikoa mingine na kubadilisha vichwa vya karatasi. Dawa yake haina maajabu. Mada ikiisha, siku hiyohiyo mwalimu atunge maswali mawili pamoja na mwongozo wake wa usahihishaji, angali anakumbuka wanafunzi walikwama wapi. Baada ya mada kumi ana maswali 20 ya kwake. Vivyo hivyo kwa alama za tathmini endelevu na kwa PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi wa umma: vijazwe siku kadhaa kabla ya mwisho, wakati mtandao haujalemewa na nchi nzima.

Kumpa mwingine kazi kunawezekana shuleni, kwa mipaka. Viranja wanaweza kukusanya madaftari kwa mpangilio wa namba, kuandika waliochelewa, kugawa vitabu. Wasijaze alama, wasiguse taarifa za wenzao, na kipindi kisiachwe mikononi mwao kwa sababu ya karatasi za ofisini. Kwa walimu wenzake, kubadilishana ndiko kunakofaa: huyu atunge jaribio la mikondo yote miwili mwezi huu, yule mwezi ujao. Shule zenye vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) vinavyofanyika kweli hupanga mabadilishano kama haya hukohuko.

Vipi mkuu wa shule anapoleta kazi ya tatu juu ya mbili ulizonazo? Mwalimu kijana hawezi kusema hapana, na sidhani kama anahitaji kusema hivyo. Anaweza kuuliza: "Mkuu, shikamoo. Nina kipindi Kidato cha Nne sasa hivi, na saa sita kata wanataka takwimu. Hii ya kuhesabu madawati ianze, au isubiri saa nane?" Swali la namna hiyo halivunji heshima, na linamrudishia mwenye mamlaka uamuzi ambao ni wake. Nimeona mara nyingi jibu likiwa "basi, hata kesho."

Vipindi vya wazi navyo vilindwe. Mwalimu achague viwili kwa wiki, aviandike kwenye ratiba yake kwa jina: "kusoma, watoto sita wa Kidato cha Kwanza A," au "maandalio ya mada ya tano." Asikae ofisini vipindi hivyo, kwa kuwa ofisini ndiko anakotafutwa; maktaba, maabara tupu, hata kivuli cha mwembe kinatosha. Simu ikae kimya kwa dakika 40. Mwalimu mwenzake mmoja ajue alipo, ili mtoto akizidiwa au kukiwa na jambo la usalama wa mwanafunzi, aitwe mara moja. Wiki ya zamu asijidanganye: vipindi hivyo havitapatikana, na mpango wa wiki hiyo uwe mdogo tangu Jumatatu.

Ijumaa, baada ya mahudhurio kufungwa, orodha ya wiki ipitiwe kwa kalamu. Kilichofanyika kikatwe. Kilichoahirishwa kwa wiki ya tatu mfululizo kifanyiwe moja kati ya mawili: kipewe siku na kipindi maalumu wiki ijayo, au kipelekwe kwa mwalimu wa taaluma na kuelezwa wazi kwamba kwa mzigo uliopo hakitafanyika muhula huu.