Hatua Mia Moja Kutoka Mtoni: Somo la Kupiga Kambi Katika Msitu wa Mlima Kenya

Kila shule zinapofungwa, familia, makundi ya vijana wa makanisa na vilabu vya wanafunzi hupanda kutoka Kerugoya, Kutus, Kianyaga na Mwea kwenda kulala kwenye mahema katika msitu wa Mlima Kenya. Si safari ya matajiri pekee. Hema la kuazima, blanketi nzito, sufuria na unga vinatosha kwa usiku mmoja. Swali ambalo wengi hawajiulizi ni mahali gani hasa hema hilo linafaa kusimamishwa.

Jibu la haraka huwa ni "kando ya mto". Maji yako karibu, mahali ni tambarare na sauti ya mto inabembeleza usingizi. Somo la toleo hili linaeleza kwa nini jibu hilo linahitaji kipimo. Kipimo chenyewe ni rahisi kukumbuka: hatua 100 kutoka ukingoni. Hatua 100 za mtu mzima ni takriban mita 70. Umbali huo humlinda mpiga kambi dhidi ya mto, na pia huulinda mto dhidi ya mpiga kambi.

Mvua ya juu, mafuriko ya chini

Mlima Kenya una kimo cha mita 5,199 katika kilele cha Batian. Mito ya Thiba, Nyamindi na Rupingazi huanzia kwenye miteremko yake ya kusini, ikapita katika ukanda wa mianzi na msitu mnene kabla ya kufika mashambani. Katika safari hiyo fupi maji hushuka kwa kasi kubwa.

Ndiyo maana mto wa mlimani haufuati hali ya hewa ya kambini. Mvua kubwa inaweza kunyesha juu kwenye mianzi huku walio kambini wakitazama nyota. Ardhi ya juu ikiwa tayari imelowa, haiwezi kunywa maji zaidi. Yote huteremka mtoni. Mto uliokuwa ukifika kwenye vifundo vya miguu jioni unaweza kumfika mtu kiunoni kabla hajaamka.

Kenya imewahi kulipia somo hili kwa maisha ya watu. Mwezi Aprili 2012, na tena Septemba 2019, maji ya ghafla yaliwasomba watu waliokuwa wakitembea katika korongo la Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, Kaunti ya Nakuru, na baadhi yao wakafariki. Mwanzoni mwa Mei 2024, Mto Talek katika Kaunti ya Narok ulivunja kingo zake usiku na kufurika katika kambi nyingi za watalii zilizojengwa kando yake. Watu walilazimika kuokolewa, wengine kwa helikopta. Zile zilikuwa kambi zenye wafanyakazi, magari na redio. Kundi la vijana wenye mahema matatu halina hata kimoja cha hivyo.

Hatari huwa kubwa zaidi katika misimu ya mvua, yaani Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Likizo za Aprili na Desemba huangukia humo humo.

Kuusoma ukingo kabla ya kufungua hema

Mto huacha alama za mahali ulipowahi kufika. Anayezijua anaweza kuzisoma kwa dakika kumi tu, mradi afike kungali na mwanga. Afisa wa msitu au mwelekezi wa eneo hilo ataonyesha mambo yafuatayo:

1. Takataka zilizonasa juu. Nyasi kavu, vijiti na majani yaliyokwama kwenye matawi au nyuma ya mawe huonyesha kimo cha mafuriko yaliyopita. Hema halifai kuwa chini ya alama hiyo hata kidogo.

2. Mchanga uliosawazika. Sehemu laini isiyo na nyasi wala miche, iliyo karibu na maji, huvutia sana kwa kulala. Lakini kilichousawazisha mchanga ule ni mto wenyewe, na utarudi.

3. Mkondo mkavu. Mfereji usio na maji unaopita karibu na kambi ni njia ya maji ya mvua. Hema lisiwekwe ndani yake wala kati yake na mto, kwa kuwa ukijaa, anayelala hapo huzingirwa pande zote mbili.

4. Njia ya kutokea. Kila aliye kambini ajue, kabla ya giza, atapita wapi kwenda mahali pa juu bila kuvuka maji.

5. Matawi makavu juu ya kichwa. Mti mkubwa hupendeza kwa kivuli, ila tawi lililokufa huweza kuanguka usiku upepo ukivuma.

Baadhi ya maeneo madogo ya kambi ni finyu, na hatua 100 haziwezi kupatikana bila kuingia kichakani. Katika hali hiyo kimo ni muhimu kuliko umbali: hema lisimamishwe mahali pa juu zaidi panaporuhusiwa, juu kabisa ya alama za mafuriko. Ikiwa hakuna mahali kama hapo, ni afadhali kundi lirudi nyumbani na kupanga safari nyingine.

Kuna pia mbinu ya zamani isiyogharimu chochote. Jioni, kijiti huchomekwa ardhini pale maji yanapoishia. Atakayeamka usiku amulike kijiti hicho kwa tochi, akiwa amesimama mbali. Kikiwa kimezama, kundi lote liamshwe na kuhamia juu mara moja, hata kama hakuna tone la mvua lililoanguka kambini. Dalili nyingine ni maji safi kugeuka rangi ya udongo, majani na vijiti kuanza kuelea kwa wingi, na mngurumo wa mawe yanayogongana. Mto ukipungua ghafla bila sababu, hiyo nayo ni hatari: huenda magogo yameziba huko juu na maji yanajikusanya. Mali iachwe. Hema hununuliwa tena.

Wanyama na baridi

Tembo na nyati wa msitu huu hushuka mtoni kunywa maji, hasa usiku. Hema lililo kwenye ukingo huwa limezuia njia yao. Kinyesi kibichi, matope yaliyokanyagwa na matawi yaliyovunjwa ni ishara kwamba pale pana wenyewe. Chakula nacho hakifai kulazwa hemani, kwani harufu huwavuta nyani, tumbili na fisi. Kifungiwe garini, au kwenye chombo chenye kifuniko kigumu mbali na mahali pa kulala.

Umbali husaidia pia dhidi ya baridi. Hewa baridi ni nzito, na usiku huteremka na kujikusanya bondeni. Kwa makadirio, joto hupungua nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 mtu anapopanda. Anayetoka Mwea, iliyo karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, akafika msituni kwenye mita 2,000, anaongeza baridi ya nyuzi 5 hivi. Baridi nyingi hutoka chini, hivyo mkeka au godoro jembamba huwa na faida kuliko blanketi ya tatu juu.

Maji yale yale hufika Mwea

Sehemu hii ya somo inamhusu hata asiyewahi kulala kwenye hema. Thiba na Nyamindi ndiyo mito inayomwagilia mashamba ya mpunga ya Mwea. Bwawa la Thiba, lililozinduliwa mwaka 2022, hujazwa na maji hayo. Baadaye Thiba huingia katika Mto Tana kwenye bwawa la Kamburu, na Tana huendelea hadi Bahari ya Hindi. Njiani kuna wanaochota kwa mitungi, wanaonywesha ng'ombe na wanaoosha mboga.

Kwa hiyo kinachofanywa kambini hakibaki kambini. Kuosha sufuria, kufua na kuoga kusifanyike ndani ya mto, hata kwa sabuni inayosemekana kuwa ya asili. Maji yachotwe kwa ndoo au karai, yapelekwe hatua 100 kutoka ukingoni, na baada ya kutumika yamwagwe kwenye udongo. Udongo huchuja mengi ambayo mto ungeyabeba moja kwa moja hadi kwa jirani.

Choo cha kambi kitumike kila kinapokuwepo. Kisipokuwepo, shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20 lichimbwe hatua 100 kutoka majini, kisha lifukiwe vizuri. Nepi na pedi zisifukiwe. Hufungwa na kurudishwa nyumbani.

Maji ya kunywa yachemshwe. Uwazi wa maji ya mlimani si dhamana ya usafi, kwa sababu wanyama na watu wako juu pia. Yakianza kutokota yaachwe dakika 1. Kwa walio juu ya mita 2,000, dakika 3, kwa kuwa huko maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100.

Plastiki nazo zina sheria yake. Tangu tarehe 5 Juni 2020 ni marufuku kuingia na plastiki za kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji, vikombe, sahani na vijiko, katika misitu, mbuga na fuo zilizohifadhiwa nchini. Chupa ya chuma na sahani za nyumbani zinatosha.

Moto nje, jiko nje

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inakataza kuwasha moto msituni bila idhini. Mwezi Machi 2012 moto uliteketeza maeneo makubwa ya Mlima Kenya, na kiangazi kila kinaporudi hatari hiyo hurudi nacho. Panaporuhusiwa, moto uwashwe mahali palipotengwa tu. Kuni zisikatwe kwenye miti iliyosimama. Kabla ya kulala moto umwagiwe maji, majivu yakorogwe na kumwagiwa tena, hadi mkono ukikaribishwa usihisi joto.

Onyo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Jiko la makaa lisiingizwe hemani, hata kwa dakika chache za kupasha joto, hata likionekana limefifia. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta huhisi kichwa kizito na usingizi, na anaweza asiamke tena. Kuacha mlango wa hema wazi kidogo hakuondoi hatari hiyo. Mtoto akisikia baridi, avalishwe soksi na kofia, na apewe chupa ya maji moto iliyofungwa kwa nguo.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Msitu wa hifadhi husimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu, KFS, na mbuga iliyo juu yake na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Wanaokwenda kupiga kambi wapate kibali kwanza, wajiandikishe wanapoingia, na waulize afisa wa zamu maswali mawili: mvua imenyesha juu hivi karibuni? Tembo wameonekana wapi?

Mtu mmoja aliyebaki nyumbani apewe jina la kambi, idadi ya watu na saa ya kurejea. Katika mabonde mengi ya msitu simu haina mtandao, na yeye ndiye atakayegundua kwanza kwamba kundi limechelewa. Nambari za dharura ni 999 au 112, na ya Shirika la Msalaba Mwekundu ni 1199.

Maswali ya kujadiliwa katika familia, darasa au kikundi

1. Kwa nini mto unaweza kufurika kambini ilhali hapo hapajanyesha?
2. Taja alama tatu zinazoonyesha mahali mto uliwahi kufika.
3. Kikundi kinafika saa moja usiku, na nafasi iliyobaki ni mchanga ulio karibu na maji. Kiongozi afanye nini?
4. Maji ya sabuni yaliyomwagwa mtoni katika msitu wa Castle yanaweza kuwafikia akina nani kabla ya kufika Mto Tana?
5. Tembeeni hatua 100 kutoka mlangoni mwenu, mkihesabu kwa sauti. Mnafika wapi? Umbali huo ndio wa kukumbuka siku mtakapofungua hema.